Mwalimu Sukari na Mguu wa Dada Yake

Mtaani walimwita Mwalimu Sukari, maana alifundisha chuoni juu ya ugonjwa wa sukari, na kila alipokuja aliwatoboa watu vidole kupima damu.

"Leo umeleta dawa, au umefuata damu tu?" wazee walimtania.

Alicheka nao, lakini utani ulimchoma. Dawa hakuwa nayo. Alikuwa na utafiti.

Alizaliwa mtaani humo humo, kule bondeni. Dada yake mkubwa, aliyemsomesha kwa cherehani, bado aliishi kwenye chumba cha marehemu mama yao. Utafiti ulionyesha kwamba watu wa bondeni walikatwa miguu kwa sukari zaidi kuliko wa ng'ambo ya barabara kuu. Ugonjwa ulikuwa mmoja, ila jokofu la zahanati ya bondeni lilikufa zamani, na insulini, dawa inayotaka baridi, ikawa ya kubahatisha. Aliyasema hayo mikutanoni. Walimpigia makofi, wakaenda kula.

Siku moja aliwapeleka wanafunzi wake kwa dada. Msichana mmoja akauliza kwa adabu, "Mama, kwa nini hubadilishi chakula?"

"Nikipata cha kubadilisha, mwanangu, nitakuita."

Wakacheka wote, isipokuwa mwalimu. Alikuwa amesikia harufu. Na dada alivaa soksi, jua lote lile.

"Vua, dada."

"Mbele ya watoto? Niache bwana."

Alipiga magoti akaivuta mwenyewe. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na kidonda kimekula hadi kisigino.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi yako. Zahanati nilikwenda, wakaniambia nirudi. Nikarudi, wakaniambia nirudi."

Hospitalini wakaukata mguu juu ya goti. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Dada hakutoka wodini akiwa hai.

Mwalimu aliporudi darasani, alifungua daftari la utafiti, akalifunga. Yule msichana akauliza taratibu, "Mwalimu, sasa tufanye nini?"

"Sijui," alisema. Hakuwahi kuwajibu hivyo.

Jumamosi alishuka bondeni kukusanya vitu vya marehemu. Akakuta majirani wamekaa nje ya chumba, viatu mkononi.

"Tuangalie na sisi miguu, mdogo wetu," alisema mmoja wao, muuza mkaa.

Akachuchumaa, akaanza kuangalia. Kwenye unyayo wa muuza mkaa kulikuwa na kidonda kibichi. Jokofu la zahanati lilikuwa bado bovu. Aliushika ule mguu kwa mikono miwili, na hakujua ampeleke wapi, ila hospitali ile iliyoukata wa dada.