Kikapu Nilichomwonyesha Melania

Oya, mnitukane nikishamaliza.

Jumatatu moja tuliwasha kompyuta ya ofisi yetu Kibirizi, ile meza ya kwenye kioo chake iko tupu. Kazi ya Melania haipo. Na ya kwangu mimi Meshack haipo.

Ya kwake nilijua ilikokwenda. Ya kwangu, haki ya Mungu, sikujua.

Iko hivi.

Chama chetu cha waanika dagaa kilitaka karani mmoja. Tukachukuliwa wawili kwa majaribio, mimi na Melania, binti wa kutoka Kalinzi, kwenye mashamba ya kahawa. Kila mtu aandike orodha ya wanachama wa upande wake, halafu Mzee Castory, mwenyekiti, achague.

Melania hakuwahi kugusa kompyuta.

"Meshack, mwelekeze mwenzio," Mzee akaniambia.

Nikamwelekeza. Panya huyu hapa, dirisha unafungua hivi, unafunga hivi. Siku ya nne alikuwa anachapa kunizidi. Roho iliniuma, sifichi.

Ndipo akauliza, "Kaka Meshack, na haka kakikapu pembeni ni ka nini?"

Lilikuwa pipa la taka. Kinachoingia humo kinasubiri kufutwa.

"Siku ukimaliza kabisa, buruta kazi yako uitumbukize humo," nikamwambia. "Ndiko inakaa salama."

Akacheka. "Kumbe kama kahawa! Kwetu ikishaingia kikapuni hiyo ni yako. Ya chini ndiyo inapotea."

Nikarudi kwenye orodha yangu.

Jumamosi akamaliza, akaburuta, akaaga. Nikarukia kiti, nikabonyeza kumwaga pipa. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma, nikazima, nikaenda kula ugali na samaki wa mgebuka.

Jumatatu Mzee akawaka. "Nani kagusa mashine hii?"

Melania akasimama. "Ni mimi, Mzee. Yangu niliiweka kikapuni. Nikaona na ya kaka Meshack kaiacha nje mezani, nikamwekea humo humo isije ikapotea."

Ningeweza kusema pale pale.

Mzee akanigeukia. "Ndivyo ulivyomfundisha?"

"Hapana, Mzee. Nilimwambia ni pipa la taka."

Melania akanitazama. Nikajua nimekwisha, ataniumbua mbele ya watu.

"Basi labda sikukuelewa, kaka," akasema polepole. "Nyumbani tunaongea Kiha. Kiswahili huwa kinanipita."

Watu wakacheka. Mzee akamwambia arudi Kalinzi akachume kahawa. Mimi nikapewa wiki niandike upya, na kiti kikawa changu.

Mlangoni Melania akasimama, machozi yanamtoka.

"Nisamehe kaka. Nimekuharibia kazi yako yote."

Nikamwambia nimemsamehe.

Funzo? Ukifundishwa kazi na mtu mnayegombea naye kiti, kaulize na kwa mwingine. Usije kuuliza kwangu. Lakini hapa Kibirizi, kila anayeanza kompyuta, Mzee Castory anamleta kwangu, na anamwambia huyu kijana ana subira sana na wasiojua.