Mguu wa Uyoga Uliobaki Ardhini

Nakumbuka asubuhi ile kwa ubaridi wa nyasi miguuni, mwanangu, maana nilikuwa nimevua viatu nisivichafue. Anayeogopa kuchafuka asiende kutafuta uyoga. Mimi nilijifunza hilo kwa kuchelewa, na nusura mtu mwingine alipe kwa uhai wake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa Giakanja, kwenye baridi ya mlimani, kutoka Embu ya chini, kule kwenye joto na vichuguu. Mume wangu alifundisha Nanyuki na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Bomani tulibaki wanawake watatu: mama mkwe wangu, mjane wa maneno machache; binti yake wa mwisho, Nyaguthii, aliyekuwa akingoja kuingia chuo cha ualimu; na mimi, mwenye mimba ya miezi mitatu na hamu ya kitu kimoja tu, uyoga.

Majirani zetu wapya hawakuwa walaji wa uyoga. Kwetu Embu ulikuwa ndio nyama ya msimu wa mvua, na nyanya yangu alinifundisha kuuchuma nikiwa bado simfiki kiunoni. Aliuhoji uyoga kama mtu anavyomhoji mgeni mlangoni, kwa maswali mawili: umekaa wapi, na mguu wako uko wapi? Jibu la kwanza lilipaswa kuwa kichuguu. Jibu la pili lilikuwa chini ya udongo. Alizamisha vidole, akauvuta polepole mpaka utoke mzizi mrefu mwembamba kama mkia wa panya. Usiokuwa na mkia aliuacha hapo hapo.

"Usiukate kamwe," aliniambia. "Ukiukata, umeacha jina lake ardhini."

Jumanne moja mama mkwe alikwenda Karatina sokoni na viazi vyake. Mimi nikapanda kuokota kuni kwenye misonobari iliyopandwa juu ya mashamba yetu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Chini ya miti ile nikauona: vichwa saba, vipana, vya rangi ya kijani kilichopauka, vimeng'aa kama vimepakwa mafuta. Mate yalinijaa mdomoni.

Nilikuwa na kisu, na mgongoni nilikuwa na kiondo kipya cheupe, zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe. Nikafikiria udongo mweusi ukiingia katika kiondo kile. Basi nikaukata wote juu ya ardhi, safi, bila chembe ya udongo. Nakwambia jinsi ilivyokuwa: sikusahau maneno ya nyanya. Niliyakumbuka, nikayajibu. Kichuguu hakuna, nikasema, kwa sababu huku ni baridi. Kofia haina ncha katikati kama ya kwetu, nikasema, huu ni wa mlimani. Konokono walikuwa wameutafuna pembeni, nikasema, kinacholiwa na mdudu kinaliwa na mtu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka cha mvunguni nikiwa wima.

Mchana nilipokuwa nikiupika, Nyaguthii alichungulia sufuria.

"Wewe wa Embu, ati hiki ni chakula ama ni vifuniko vya sufuria?"

"Onja kwanza, ndipo ucheke."

Lakini mimba ina ukaidi wake. Nilipoonja mchuzi, nikautema nje. Nyaguthii akavuta bakuli upande wake.

"Basi nitamlia mtoto wa kaka yangu, asije akazaliwa ametoa ulimi kwa uchu," akasema. Akala wote kwa ugali, akaramba vidole. "Kweli ni mtamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Alfajiri ya Jumatano alianza kutapika. Kulipopambazuka hakuweza kusimama, na kila alichomeza kilirudi. Mama mkwe, aliyekuwa amerejea jioni kutoka Karatina, akambeba mgongoni kama mtoto mchanga mpaka dispensari. Nami nikafuata nyuma nikibeba shuka.

Tabibu akauliza, "Jana alikula nini?"

Mama mkwe akanigeukia. Yeye hakuwa nyumbani, na Nyaguthii alikuwa amefumba macho. Kumbe jibu zima la dunia lilikuwa mdomoni mwangu. Nikaona mambo yatakavyokuwa: mke aliyeletwa kutoka mbali, sumu, wazee wakiitwa, mimi na mimba yangu tukirudishwa Embu.

"Githeri," nikasema, mahindi na maharagwe ya kila siku.

Nyaguthii akapewa dawa ya tumbo na maji ya chumvi na sukari, tukarudi nyumbani. Alhamisi alishinda amelala. Nilimpikia uji, na kila nilipokoroga nilihesabu pumzi zake kupitia ukuta wa mbao. Usiombe kuijua hofu ya namna hiyo, mwanangu, hofu usiyoweza kumwambia mtu akakusaidia kuibeba.

Ijumaa akaamka. Akaketi kitandani, akaomba chai, akanikonyeza. "Vifuniko vyako vimenikosa," akaninong'oneza. Nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya zizi.

Hata hivyo moyo haukutulia. Nilichukua jembe dogo nikapanda tena msituni, nikavikuta vile visiki saba vya uyoga vikiwa vyeupe katika majani makavu. Nikapiga magoti, nikachimba cha kwanza. Hakikuwa na mkia wa panya. Mguu ulikuwa umevimba chini, umekaa ndani ya kifuko cheupe kilichopasuka, kama kifaranga aliyeacha nusu ya ganda. Nikachimba cha pili. Kifuko. Cha tatu, kifuko. Nilichimba vyote saba kana kwamba cha mwisho kingewasamehe wenzake.

"Mama, umepoteza nini hapo chini?"

Alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupogoa misonobari, panga begani. Nikamwonyesha vile vifuko kiganjani mwangu. Akasogea, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Nani amekula?"

"Hakuna."

"Kama ni hakuna, Mungu asifiwe." Akachuchumaa, akawasha tumbaku yake. "Tulikuwa na mwenzetu katika kambi yetu ya msituni. Alikula huu. Alitapika siku moja, tukadhani amekwisha. Siku iliyofuata akaamka, akacheka na sisi, akaomba chai."

"Akapona?"

"Tulimzika siku ya tano. Huu ukikuachilia, hujaachiliwa. Umeingia ndani kufanya kazi yake."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nakumbuka aliita nyuma yangu, maana wazee huusikia uongo kwa masikio mengine: "Lori ya mbao inashuka mjini saa saba! Nitawaambia wangoje hapo barabarani!"

Mama mkwe alikuwa akichambua maharagwe uani. Nikapiga magoti mbele yake, kiganja wazi.

"Mama, Nyaguthii alikula huu Jumanne. Mimi ndiye niliyempikia. Tabibu alipouliza nilidanganya."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Kisha akasimama, maharagwe yakamwagika kutoka mapajani mwake, akachukua jani la mgomba na kuvifunga vile vifuko. "Kamwamshe," akasema.

Nyaguthii alicheka ndani ya lori. "Mnanipeleka hospitali nikiwa nimepona? Watatufukuza hao." Hospitalini daktari alilifungua lile jani, akauliza ni siku ngapi, nasi tukamwambia tatu. Akafumba macho kidogo. "Ningelijua hili Jumatano," akasema.

Jumamosi macho ya Nyaguthii yaligeuka manjano kama kiini cha yai. Jumapili hakututambua. Niliketi kwenye benchi la ukumbini na mama mkwe siku baada ya siku, naye hakunena nami hata mara moja, mpaka jioni moja akauliza bila kugeuza kichwa:

"Jumatano ulimwogopa nani?"

"Wewe, Mama. Nilijua mtasema nimemtilia sumu."

"Tungesema. Mimi ningekuwa wa kwanza." Hapo akanigeukia. "Huu uyoga hukuujua, na hilo humpata yeyote. Lakini ile Jumatano uliulizwa swali ambalo jibu lake unalo. Maneno yangu yangekuumiza, mtoto wangu, hayangekuua. Kimya chako ndicho kilichomlaza pale."

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nikidhani linamhusu anayeficha maradhi yake mwenyewe.

Mungu alituhurumia. Nyaguthii alirudi kutoka ukingoni polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni. Chuo alikiingia mwaka uliofuata, akiwa mwembamba kama ufito. Siku Nyaguthii alipotoka hospitalini, mama mkwe hakunirudisha Embu. Alifanya jambo gumu zaidi. Aliwaita akina mama wa kanisa uani kwetu, akanipeleka tena msituni kuchimba uyoga mmoja na mguu wake, kisha akanisimamisha mbele yao nieleze yote, pamoja na lile neno "githeri". Tangu hapo, kila mvua ya masika inapoanza, nimewaeleza walio tayari kusikia. Leo ni zamu yako.

Basi sikia, mwanangu. Uyoga usiofundishwa kwa mkono na mtu wa mahali pale pale, uache. Ujuzi wa kwenu ni wa udongo wa kwenu. Misonobari ililetwa kutoka mbali, na nyanya yangu hakuwahi kuiona. Konokono si mwonjaji wako, na moto wa jikoni hauondoi sumu ile. Na jambo lolote utakalolichukua duniani, liwe chakula, liwe rafiki, liwe kazi, inama ulitazame mguu wake hata kama utachafuka. Ukikosea, nawe utakosea, sema siku ile ile, tena kwa yule unayemwogopa zaidi.

Nyaguthii yuko hai, mzee mwenzangu, anaishi Skuta karibu na wajukuu wake. Nikimpelekea chakula, hata ndizi, huuliza: "Wa Embu, umeking'oa ama umekikata?" Tunacheka sana. Lakini hali mpaka nijibu.

Mungu akupe vidole visivyoogopa udongo na ulimi usiochelewa kusema kweli. Mezani pako, wageni na wenyeji wote waamke asubuhi wakiwa wazima.