Filamu Iliyowakimbiza Watu

Kabla mkono wa Yusra haujashika kipanya cha kompyuta, ulishika piko. Pale Kasingirima, mtaani kwao Kigoma, bibi harusi hakutolewa kabla binti huyo hajaitwa, kwa sababu maua yake yalipanda kutoka kifundo cha mguu hadi gotini kama mti unaotambaa, bila doa wala kurudiarudia. Mjomba wake Abdulkarimu, aliyekuwa na studio ya video za harusi Ujiji, ndiye aliyemweka mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Alitaka tu achore maua ya kuzungushia majina ya maharusi.

Yusra akachora, kisha akauliza, "Mjomba, haya hayawezi kuchanua yenyewe?"

"Labda uyachanue wewe," mjomba akajibu huku akicheka.

Akayachanua. Alichora ua lilelile mara nyingi, kila mara limefunguka kidogo zaidi, kisha akazipitisha picha haraka haraka. Ua likachanua mbele ya macho yake, naye akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Tangu siku hiyo hakutulia. Aliharibu, akafuta, akaanza upya. Filamu yake ya kwanza haikufika dakika mbili. Ilionyesha dagaa walioanikwa mchangani Kibirizi wakinyanyuka mmoja mmoja, wakijipanga mstari na kurudi ziwani, huku mwenye mali amejishika kichwa. Ilitoka simu hii ikaingia simu ile, na wachuuzi wakaanza kumwita Yusra wa Dagaa.

Ulikuwa mwaka 2015, mwaka ambao Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walikuwa wakimiminika Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa maelfu. Meli iliwatoa huko ikawashusha Kigoma, wengine wamebeba godoro, wengine hawana hata viatu, na kipindupindu kikiwa katikati yao. Mji mzima ulinuka klorini. Ndipo alipofika studio bwana afya mmoja, kijana aliyeitwa Pastory, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Dada, wewe ndiye uliyewarudisha dagaa ziwani?"

"Ni mimi. Karibu."

"Nina watu wanakufa kwa sababu ya maji. Karatasi tumebandika, hakuna anayesoma. Nichoree kitu watu wakione."

Yusra alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumwomba kitu kizito namna hiyo. Akakazana. Akataka watu wacheke, maana dagaa waliwachekesha watu na filamu ikasambaa. Basi akabuni kundi la vijana wa usafi waliovaa fulana za rangi moja. Wanakuja mchakamchaka wakiimba, wanagonga nyumba hadi nyumba, wanawatoa watu nje na kuwapeleka kunawa mikono kwa sabuni. Wimbo aliwaimbisha vijana wa mtaani. Mjomba alipoiona alicheka mpaka akafuta machozi.

Waliionyesha alasiri moja katika banda la kupokelea wakimbizi. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ili picha ionekane, na mlango ukabaki mmoja. Watu walikuwa wamejaa mpaka ukutani. Mwanzoni palikuwa na utulivu mzuri, watoto wameketi chini, vinywa wazi. Kisha wimbo ukaanza kusikika kwenye spika, kwa mbali, kama vijana wale walivyopaswa kusikika wakikaribia.

Yusra aliyekuwa amesimama kando ya projekta akaona migongo ikikakamaa. Hakuelewa. Fulana zikatokea kwenye kitambaa. Ngumi ya kwanza ikagonga mlango wa nyumba ya kwenye picha.

"Baraje!" sauti ya mwanamke ikapasua banda.

Yusra alikijua Kiha cha bibi yake, na Kirundi hakiko mbali nacho. Maana yake, wamekuja. Kabla hajageuza kichwa, banda zima lilikuwa limesimama. Mabenchi yakapinduka. Akina mama wakanyakua watoto bila kuangalia ni wa nani. Wote wakaukimbilia mlango ule mmoja, na walioanguka wakakanyagwa. Pastory alirukia waya akauchomoa, lakini giza likazidisha kilio. Yusra akayavamia maturubai, akayavuta kwa kucha mpaka mwanga ukaingia.

Hakuna aliyekufa. Hilo alirudia kuambiwa na kila mtu, na halikumsaidia. Mzee mmoja alipasuka kichwa, na mwanamke mmoja alivunjika mkono.

Nyumbani alikaa jikoni na baibui lake, hakulivua. Mama yake, Mwanamvua, akamwekea chakula, kikapoa.

"Sichori tena, mama."

"Na yule aliyevunjika mkono umemwona?"

"Nitamwangaliaje usoni?"

"Kwa macho," Mwanamvua akasema. "Kesho asubuhi. Mpelekee uji."

Aliyevunjika mkono aliitwa Skolastika, fundi cherehani kutoka upande wa Makamba, Burundi. Yusra alimkuta amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa kitenge, mtoto amelala pajani. Akapiga magoti na chupa yake ya uji, maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyechora."

Skolastika aliipokea chupa kwa mkono mzima. "Nilidhani ni mwanamume," akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. "Nilidhani ni mtu anayetutafuta."

Akaeleza, bila kupandisha sauti. Kule kwao vijana walikuja hivyohivyo, sare moja, wimbo mmoja. Waliimba kwanza mbali ili mtu aliye ndani apate muda wa kuogopa. Mumewe alifungua alipogongewa. Hakumaliza habari hiyo, na Yusra hakumwomba aimalize.

"Nifanye nini?" Yusra akauliza.

"Kipindupindu kipo kweli?"

"Kipo mama. Jana wamezika mtoto."

"Basi chora tena. Lakini asiwepo mtu wa kugonga. Na nyumba utakayochora, mlango wake uuache wazi."

Yusra akamwendea Pastory na kumwambia ataanza upya, kwa sharti kwamba Skolastika aone kila kipande kabla ya mtu mwingine yeyote. Pastory alishika kiuno. Alisema wagonjwa wanaongezeka, hana muda wa kusubiri mtu aridhike. "Ulikuwepo," Yusra akamjibu, na Pastory akakubali.

Zilikuwa siku ngumu. Alichora asubuhi, adhuhuri akabeba kompyuta mpaka kwenye mkeka ule, jioni akarudi kufuta. Safari moja umeme ulikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuunganisha picha, kazi ya siku nzima ikapotea. Mjomba alimlaumu kwa harusi zilizolala, kisha mwenyewe akaazima jenereta kwa jirani. Skolastika hakuwa mpole. Alikataa mwanamume aliyesimama kwenye kona ya nyumba. Alikataa kivuli njiani. Kilichobaki kilikuwa mama anachemsha maji, binti anatoka kisimani na dumu, na bibi anayemnawisha mjukuu mkaidi. Sauti zote tatu zilikuwa za Skolastika.

Mara ya pili waliionyesha maturubai yamefungwa nusu na mlango umeegemezwa jiwe. Picha ilipauka, lakini Yusra hakujali picha. Alitazama migongo. Watu walikuwa wachache, wengi wamesimama karibu na mlango, mmoja ameshika mtoto mkono kiasi cha kumuumiza. Skolastika aliketi mbele kabisa, mkono umening'inizwa shingoni. Binti wa dumu alipotokea kwa mbali njiani, Yusra aliushika waya wa projekta, tayari kuuchomoa.

Binti akajikwaa. Dumu likabingirika. Mtoto mmoja akacheka, kicheko kifupi, kisha akamtazama mama yake kuuliza kama inaruhusiwa.

Hakuna aliyekimbia. Ilipokwisha, mwanamke mmoja aliuliza kwa Kirundi dawa ya maji inatolewa wapi, na Pastory akaondoka naye mbio mbio.

Skolastika alipanda basi la kwenda kambi ya Nyarugusu wiki iliyofuata. Ugonjwa haukwisha kwa filamu, na Yusra hakuwahi kusema ulikwisha. Siku chache baadaye Pastory alirudi studio. Sasa alitaka nyingine, ya chanjo ya surua, na aliitaka upesi.

Yusra alikuwa tayari anavaa viatu. "Nipeleke kwanza kwa akina mama," akasema. "Kalamu nitaishika tukirudi."