Shemeji Aliyeniogesha Siku ya Kuruka

Dada wa mke wangu hajawahi kupanda ndege, na anasema hatapanda. "Mimi najua zinavyofungwa," husema. Hayo si maneno ya kumwambia rubani, lakini nani wa kumfundisha adabu? Ni shemeji yangu, amemzidi mke wangu miaka tisa, na karatasi ya kuniruhusu kuruka haina maana bila sahihi yake.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa majokofu na majiko ya gesi, na alifanya kazi kwa pua. Akiingia jikoni kwako, hata hamjamaliza salamu, alishajua kama mpira wa gesi umechoka, kama panya amefia nyuma ya kabati, na kama mwenye nyumba amekunywa. Marehemu mumewe alikuwa akipitia kwa jirani kutafuna tangawizi kabla ya kurudi nyumbani, na haikumsaidia hata siku moja.

Kisha kwenye karakana nilikoajiriwa kama rubani wa majaribio tukaanza kutengeneza ndege yetu, ndogo, ya viti viwili, isiyotumia petroli. Nyuma ya kiti kuna tangi la haidrojeni. Haidrojeni inaingia kwenye maboksi yanayoitwa seli, inakutana na hewa, umeme unatoka, umeme unazungusha pangaboi la mbele, na kinachobaki ni maji, ambayo ndege inayamwaga chini kidogokidogo kama mtoto asiyejua choo. Wahandisi wetu walikuwa na shahada za kujaza ukuta, lakini haidrojeni iliwadharau. Penye mwanya ambao maji hayapiti na hewa haipiti, yenyewe inapita bila hata hodi. Baada ya miezi mitatu ya kuvuja, mkuu wa mradi, tuliyemwita Mzee Haraka, alisalimu amri, akaagiza atafutwe fundi wa mtaani. Nikamtaja shemeji. Nilidhani namsaidia yeye.

Alifika na bakuli, brashi na kipande cha sabuni ya kufulia. Alipaka povu kila kiungo cha bomba, kisha akatulia akitazama. Penye kuvuja, povu lilivimba. Siku ya kwanza alipata sehemu kumi na mbili, na kwa wiki nzima wahandisi hawakumtazama machoni.

Ila pua yake haikuwa na kazi tena. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili watu waishtukie. Haidrojeni haina harufu, na ukiitia, seli zinaharibika. Kunusa kukaachiwa kidude kimoja kilichofungwa ndani ya ndege, nasi tukakiita Mmbea, kwa kuwa hakuwahi kukutana na jambo akalinyamazia. Ubaya wake, Mmbea hakuweza kutofautisha haidrojeni na spiriti iliyomo kwenye manukato. Mtu akijipulizia na kusogea karibu, kelele zinapigwa, karakana nzima inakimbilia nje.

Shemeji akatunga sheria. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa mafundi na kutunusa mmoja mmoja, shingo na makwapa, na mwenye manukato alirudishwa bafuni. Mhasibu alilia. Mzee Haraka mwenyewe alirudishwa mara mbili. Pua iliyokosa kazi kwenye gesi ilihamia kwetu, na sidhani kama iliwahi kufurahi hivyo.

Siku ya kuruka mara ya kwanza walialikwa wageni ambao ndio wangeamua mradi uendelee au ufungwe. Kulikuwa na wapiga picha. Mimi, na akili zangu timamu, nikajipulizia manukato shingoni na kifuani, eti historia isinikute nanuka jasho. Na kwa kuwa nilijua nani anasubiri kwenye mlango wa mafundi, nikapitia mlango wa wageni.

Ndege ikasukumwa nje. Nikapanda, nikajifungia kifuniko cha kioo, nikafungua vali ya tangi, ambayo kwa kanuni zetu hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mmbea akapiga kelele.

Nikafunga vali, nikainua kifuniko. Mhandisi mkuu akasogea, akanusa, akaangua kicheko. "Ni wewe, bwana! Unanukia kama bwana harusi." Wenzake nao wakacheka. Mzee Haraka akatazama saa, maana upepo ungebadilika kabla ya saa nne.

"Sababu tumeijua," akasema. "Zimeni hicho kidude, aruke."

"Haruki," akasema shemeji.

"Mama, si umesikia ni manukato?"

"Mmejua kwamba ananukia. Mengine mmeyajuaje?"

"Karatasi si umesaini mwenyewe jana?"

"Nimesaini. Akaoge."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, rubani kwa miaka kumi na saba, naambiwa nikaoge mbele ya watu waliovaa tai! "Shemeji, unanidhalilisha," nikamnong'oneza.

"Vua viatu," akajibu.

Basi nikaenda kuoga nyuma ya karakana, ndoo moja, kwa sabuni ileile ya kupakia viungo. Yeye alisimama amenipa mgongo, anatoa amri: "Shingo! Rudia shingo!" Fundi umeme akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: "Liangalieni hilo povu, labda anayevuja ni rubani!" Nguo zangu zilipigwa marufuku. Nikavalishwa ovaroli ya mfagizi wetu, mtu mfupi kwelikweli, miguu ya suruali ikaishia chini kidogo ya magoti. Shemeji akaninusa shingo, akaninusa nywele, akakifuta kiti kwa maji matupu, akaiacha ndege wazi ipigwe na hewa dakika kumi. Wageni walitazama yote hayo. Wapiga picha nao hawakulala.

Nikapanda tena. Nikashusha kifuniko. Mmbea kimya. Nikamtazama shemeji kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi, nikafungua vali.

Mmbea akapiga kelele.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilifunga vali nikateremka. Wageni wakarudishwa nyuma. Shemeji akapanda na bakuli lake, akaanza kupaka povu kiungo kimoja baada ya kingine, maana bomba bado lilikuwa na gesi. Kwenye kiungo cha nne, upande wa chini, mahali pasipoonekana mpaka uingize kioo kidogo cha kujitazamia, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Kiungo hicho kilikuwa shubiri moja kutoka kisogoni kwangu. Kwa maandalizi na kuruka ningekaa humo dakika ishirini, nimejifungia, Mmbea amezimwa, gesi inajaa nyuma ya kichwa changu ikingojea cheche moja tu. Niliogopa, sitaki kudanganya. Niliwafikiria wanangu mmoja mmoja.

"Nani alikifunga hiki?" Mzee Haraka akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshaandaa matusi, nasubiri tu anwani.

"Mimi," akasema shemeji. "Jana saa kumi jioni. Upande wa chini sikuutazama. Nilikuwa nimechoka, nikasaini."

Alisema hivyo mbele ya wageni wote, bila kupunguza sauti. Kisha akachovya brashi, akaendelea na kiungo cha tano, na yale matusi niliyoyaandaa sikuyaona tena.

Ndege ilikuja kuruka wiki tatu baadaye, mbele ya wageni walewale, dakika sita, na kila kiungo kilikuwa na sahihi mbili, kwa sababu shemeji alikataa katakata kazi yake ikaguliwe na yeye peke yake. Hayo yaliandikwa magazetini. Yasiyoandikwa ni ya jioni ya siku ile niliyoogeshwa, tulipokuwa jikoni kwangu, mke wangu akiwa bado anaicheka ile ovaroli kwa kuwa hatukuwa tumemwambia lolote zaidi.

"Shemeji," nikamuuliza kwa sauti ya chini, "ulijua kile kiungo kina kasoro?"

"Ningejua, si ningekikaza kimyakimya kabla hujafika? Sikujua."

"Sasa mbona uling'ang'ania vile?"

Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Sikujua," akarudia. "Ndiyo maana nikakuogesha."