Kurefusha Landrova ya Baba

Bibi hakusema anataka kwenda kwao Majita kusalimia. Alisema anataka kurudi. Baba, ambaye ni mtoto wake wa mwisho, aliacha kutafuna. Wote tulielewa maana yake, na mimi nikaangalia ugali wangu, kama ninavyofanyaga mambo yakiwa mazito.

Nalala chumba kimoja na bibi. Alipovunjika nyonga alitibiwa, lakini mguu wa kulia haukukubali kukunjika tena. Umenyooka kama mchi. Kukaa kwenye kiti hawezi, ni kulala au kuegemezwa mito. Mimi ndiye ninayemwogesha, kwa hiyo mguu ule naujua. Niseme ukweli: kuna siku nilitamani aondoke ili chumba kiwe changu, na kuna siku nikifikiria kitanda chake kitupu naanza kusikiliza kama anapumua. Wakati mwingine yote mawili yalinijia asubuhi moja.

Nyumba yetu iko juu mlimani, huku Ilemela, katikati ya mawe. Sio mawe ya kuokota. Ni makubwa kuliko nyumba, na mengine yamebeba nyumba. Njia ya kupanda kwetu inapita kati ya majabali mawili na hapo hapo inakata kona. Magari ya watu wengine huishia chini. La kwetu tu ndilo lilikuwa linapanda mpaka mlangoni: landrova kuukuu ya baba, ile fupi. Wenzangu shuleni waliiita kiatu. Nilikuwa namwomba baba anishushe mbali na geti.

Kubebwa mpaka chini bibi alikataa. Siku alipovunjika vijana walimteremsha juu ya mabega yao, amelala kwenye machela, na watu njiani wakasimama kimya, mmoja akavua kofia. Hilo hajalisahau. "Hivyo nitabebwa mara moja tu," alisema, "na siku hiyo sitakuwa na maneno. Leo bado ninayo." Kumrudisha kutoka hospitali tulimpandisha na landrova, kisigino kikiwa nje ya mlango wa nyuma kama mbao za kupaulia. Alilia njia nzima, na hapo ni mjini kwa mjini. Majita ni mpaka upite Magu, Lamadi, Bunda, ndipo uanze kuuliza njia ya kwao. Na viti vya mbele havikung'oleka ili apate nafasi, maana tangi la mafuta liko chini yake.

"Basi tutairefusha," baba akasema.

Alimleta fundi kutoka Mabatini. Fundi akaeleza kwamba chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, inakatwa katikati, upande wa nyuma unavutwa, kinawekwa chuma kingine, kinachomelewa. Kila kinachotoka mbele kwenda nyuma nacho kinaongezwa urefu.

"Ilete gereji, mzee. Kwetu kila kitu kipo."

"Gari langu lilale gereji?" Baba alicheka kwa pua. "Linalala na dinamo, linaamka halina dinamo. Utaifanyia hapa hapa, nakuangalia."

"Mzee, mimi sio mwizi."

"Sijasema wewe. Nimesema gereji."

Fundi akacheka, mama akamletea chai. Siku ile sote tuliona baba ni mjanja.

Kabla ya kukata chochote, fundi aliingia chumbani kwetu na tepu ya kupimia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo tepu ya nini?"

"Nipime urefu wako, tujue gari tuliongeze kiasi gani."

"Mimi ninavyojua, wanaopima watu wakiwa wamelala ni maseremala."

Mkono wa fundi ukasimama hewani. Mimi nikajifanya natafuta daftari chini ya kitanda.

"Pima tu, mwanangu," bibi akamwambia. "Ila uache nafasi. Sitaki kugonga mlango kwa kidole gumba."

Ikaanza kelele ya kukata chuma, na harufu yake ikaingia mpaka kwenye maharage. Bibi hakuona kitu kutoka kitandani, kwa hiyo kila nikitoka shule lazima nitoe ripoti. Mimi si mtu wa kuongea, lakini kwake niliongea.

"Wamefika wapi?"

"Wamelikata, bibi. Liko vipande viwili."

"Limekufa?"

"Bado. Wanaliunga."

"Heri yake."

Aliniagiza nifungue begi lake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ndani kulikuwa na kitenge cha bluu kipya, hakijashonwa wala kufuliwa. Hicho ni cha kujifunga gari likikaribia kwao, asionekane kama mzigo uliorudishwa. Alinifundisha namna ya kumfunga akiwa amelala. Nilijifunza.

Kazi iliisha Jumamosi. Kusema kweli landrova ilipendeza. Haikuwa kiatu tena, ilikuwa gari. Fundi alikuwa ameipaka rangi pale alipounganisha, ila rangi haikufanana na ya zamani, kwa hiyo katikati ilikuwa na mkanda wa kijani kibichi. Mama akatandika godoro nyuma. Baba akasema ngoja kwanza alishushe tupu, aone breki, ndipo ampakie mama yake.

Pua ya gari ilipita kwenye kona. Katikati ikagusa jiwe, pale pale kwenye mkanda wa kijani. Baba akarudi nyuma, akakata usukani zaidi, pua ikaenda kugonga ukuta wa choo cha jirani. Akarudi tena. Akajaribu kuingia kwa kinyumenyume. Jua likafika utosini, fundi akiwa mbele anapunga mikono, kushoto, kushoto, simama, simama, mzee.

Mwisho fundi akachuchumaa, akatazama chini ya gari kwa muda mrefu.

"Ilipokuwa fupi, tairi za nyuma zilikuwa zinafuata za mbele," alisema. "Ikiwa refu, za nyuma zinapita ndani zaidi ya kona. Tumbo ndilo linakwama."

Tulikuwa tumempima bibi. Tulipima chuma, tulipima na godoro. Kona tulikuwa tunaipita kila siku, hakuna aliyeiona.

Kwetu jiwe likisumbua watu hulichoma moto mpaka lipasuke, kisha nyundo. Baba akaenda kwa jirani. Jirani akamsikiliza vizuri tu, akamwonyesha msingi wa nyumba yake juu ya jabali moja, na choo kilichoegemea jingine. "Ukilichoma hilo, mimi na watoto tunalala wapi, jirani yangu?" Baba akasema amemwelewa.

"Basi irudishe fupi," akamwambia fundi.

"Fupi bibi haenei, mzee. Na chuma nikikikata mara ya pili sitaki mtu apande. Labda tuitenganishe, tuishushe vipande, niiunge kule chini."

"Na mama afikeje huko chini?"

Fundi alianza kukusanya spana zake, na zilionekana nyingi kuliko kawaida.

Baba alibaki nje, anafuta jiwe kwa tambara, kana kwamba jiwe ndilo limechubuka. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeulizwa.

"Wamefika wapi?"

"Halipiti, bibi."

"Wapi?"

"Hapo kwenye mawe."

Kifua chake kikatikisika, nikajua anacheka. "Kwa hiyo mwanangu amenitengenezea kitanda chenye usukani."

Nilicheka pia, halafu nikamwona baba amesimama mlangoni.

"Mama, nitatafuta namna."

"Namna ipi?"

Baba alisugua grisi kwenye vidole.

"Nilaze humo," bibi akasema. "Nijue kama mlipima vizuri."

Baba alikuwa amelirudisha gari mpaka mlangoni, pua ikitazama njia. Tulimbeba sisi watatu, hatua chache tu, hakukataa. Tukamlaza kwenye godoro, kichwa mbele, miguu nyuma.

"Funga."

Nilifunga mlango. Ulifunga, haukugusa kidole.

"Fundi anajua kazi," alisema kutoka ndani.

Jua la alasiri lilikuwa linapiga kutoka ziwani. Nilimwona akikunja uso. Akaniita nimletee kitenge cha begini, nikaenda mbio, maana nilidhani anataka nimfunge.

"Tundika hapo dirishani," alisema. "Jua linaniumiza macho."

Mama akanipa vibanio vya kuanikia nguo, nikakitundika kile cha kufikia kwao. Kilikuwa bado na mikunjo ya dukani.