Msimamizi Ni Masikio Tu

Katika chuo chetu hapa Kakamega, mwanafunzi wa uzamili anapotetea tasnifu yake, msimamizi huketi nyuma yake na haruhusiwi kusema neno. Kanuni hiyo nimeitetea kwa miaka mingi: hoja isiyoweza kusimama bila mlezi haijakomaa. Hata sasa naiona ya haki, na kwa hiyo sijui niieleweje asubuhi ile mwanafunzi wangu mmoja alipotetea yake.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Likuyani. Shuleni kwake, mtoto anayesikika akisema lugha ya nyumbani huvishwa shingoni kipande cha mti, naye hukivaa mpaka amnase mwenzake akiisema. Tasnifu yake ilidai kwamba, kabla ya kumfunza mtoto Kiingereza, kipande hicho humfunza kuchongea. Na kwamba shule inayotuza usaliti haiwezi kudai kuwa inajenga maadili. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia, nusu kwa mzaha, "Lete hiyo shahada kwanza, madam, nami nitakichoma mbele ya gwaride." Watoto walisikia.

Asubuhi hiyo, mtahini kutoka nje ya chuo alimuuliza: pasipo aibu, mtoto atajuaje wajibu? Swali lilikuwa zuri, na jibu mwanafunzi wangu alikuwa nalo. Wiki iliyotangulia alinipa jibu hilo kwa Kiswahili, tukiwa mlangoni pa ofisi yangu, hata chai yangu ikapoa: aibu inayojenga ni ile tunayoihisi mbele ya mtu tuliyemkosea, na mtoto aliyemwita mwenzake kwa lugha ya mama yao hajamkosea yeyote.

Alianza kwa Kiingereza, akakwama, akaanza upya.

"Naomba nieleze kwa Kiswahili," alisema.

"Tasnifu umeileta kwa Kiingereza, mwalimu," mtahini akajibu. "Au aliyekuandikia yuko hapo nje, tumwite?"

Wakacheka. Mimi niliisoma kazi ile sura kwa sura ilipokuwa ingali mwandiko wa mkono wake. Nikainua mkono.

"Daktari," mwenyekiti akasema kwa upole, "leo wewe ni masikio tu. Si ndivyo unavyotuambia kila mwaka?"

Nikaushusha.

Waliamua aje kutetea upya mwakani. Nilimkuta kwenye varanda, akilitazama begi lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Tutafanya mazoezi ya majibu," nikamwambia.

"Tutafanya, Daktari. Lakini Jumatatu kuna gwaride. Watoto wataniuliza kama kinachomwa."

"Waambie bado."

"Na yule atakayekuwa amekivaa siku hiyo?"

Nililiinua begi lake, nikampa; akalipokea kwa adabu, akaniaga.

Saa nane nilikuwa na darasa la misingi ya maadili. Nilifuta ubao uliokuwa safi, nikageuka. Wanafunzi walikuwa wameshika kalamu, wakisubiri niseme.