Upweke wa Rhodesia ulinifundisha kupika, mama mkwe akanikuta mekoni

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mzee wa huku Geita, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nguvu za kutunga uongo sina.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana, niliacha kibarua cha mgodi wa dhahabu hapa kwetu nikaenda machimbo ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Peke yangu. Hata mtu wa kuongea naye Kisukuma sikumpata.

Kule kila mtu alijipikia. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa madonge matupu, ndani unga mbichi. Niliula huku nalia, siwafichi.

Jirani yangu, Mnyasa mmoja mpole, mtu wa Malawi ya leo, akanionea huruma. Akanifundisha kusonga ugali, kukoroga uji, kushona shati, na kubwa zaidi, kuomba msaada bila kuona haya. (Nyie vijana mna video za mapishi kwenye simu, mnadeka tu.)

Baada ya miaka kadhaa nikarudi, nikamuoa Kabula. Habari za mapishi nikazimeza. Mwanaume wa Kisukuma enzi zile aonekane jikoni? Ungechekwa mnadani mpaka uhame.

Kabula akajifungua kwa shida, hata kukaa hawezi. Mama yangu alishafariki. Kwao wakasikia hana wa kumuuguza, mama yake akaja kumchukua, yeye na mtoto.

Niliogopa sana. Mke akiondoka namna ile, huenda asirudi tena.

Mama mkwe akanikuta nimechuchumaa mekoni, mle mle ndani alikolala Kabula, nakoroga uji.

Sasa wakuu, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse mama mkwe kula chakula cha mkono wa mkwewe. Akageuka haraka, akaketi nje, mgongo kwetu. Mimi nimeganda na mwiko.

"Mayu, huyo ndiye anayenilisha tangu nijifungue," Kabula akamwambia mama yake toka kitandani.



Kisha mama mkwe akasema bila kugeuka, "Mwambie aliyeko mekoni anitilie na mimi."

Nikaweka bakuli nyuma yake, nikakimbilia ndani. Akanywa uji wote.

"Wabeja," akashukuru. Halafu akamwambia binti yake, "Baki mwanangu. Hapa una mama."

Akaondoka peke yake. Nililia kuliko siku ile ya madonge.

Hela za Rhodesia ziliisha zamani. Kumtunza mtu bado najua, na nilijifunza kwa sababu nilikuwa mpweke na nina njaa.

Nyie mliokaa ughaibuni peke yenu, mlichojifunza huko nani alikifaidi? Semeni. Nasoma polepole, ila nasoma zote.